Nguvu za Kiume na Mabango ya Kariakoo



Mwalimu wa chuo ana ila yake moja: hawezi kupita mbele ya maandishi asiyasome. Ijumaa moja, baada ya kusali Msikiti wa Mtoro, nilikwenda zangu kwa miguu kupitia mitaa ya Mkunguni, Kongo na Msimbazi, nikawa nasoma kila kilichoandikwa ukutani, kwenye nguzo za umeme na kwenye vibati vilivyopigiliwa misumari mitini. Nguo, simu, vipuri, vyombo vya jikoni; hayo ndiyo Kariakoo yenyewe. Lakini baina ya hayo, kila baada ya hatua chache, lilikuwapo neno moja lisilokwisha: nguvu za kiume. Kwenye kona moja nikamkuta kijana niliyemsomesha Juzuu Amma, amepanda juu ya kreti la soda, anapaka rangi bango jipya. Aliteremka, akanibusu mkono, kisha akaniuliza: "Maalim, hapa kwenye 'Tiba ya Mtume', ile S.A.W. niitie vituo au niiache bila vituo?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nilimwambia nitamletea, nikaenda zangu. Nyumbani nililifikiri swali lile, nikaona kwamba mashairi yetu yanahakikiwa, khutuba zetu zinahakikiwa mpaka vibarazani, lakini maandishi haya ya vibati, ambayo kila mpita njia huyasoma apende asipende, hayajapata mhakiki. Basi nimekusudia kuyahakiki, pamoja na vijitabu vinavyouzwa nje ya misikiti vikiwa na maneno yale yale.

Najua wako watakaoona vibaya. Jarida hili husomwa sebuleni, na sebuleni wamo mabinti na wakwe. Hata mama watoto, nilipomwambia ninaloliandika, alinitazama kwa muda, kisha akasema, "Umri huo, Bwana?" Lakini Bibi Aisha (R.A.) aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuielewa dini yao. Na katika Bukhari na Muslim imepokewa habari ya mwanamke aliyekuwa mke wa Rifaa, akaachwa, akaolewa na Abdurrahman bin Zabiir. Alimjia Mtume (S.A.W.) akashika tamvua la nguo yake, akaeleza kwamba alichonacho mumewe huyu wa pili ni mfano wa lile tamvua. Abubakar (R.A.) alikuwa ameketi hapo, na Khalid bin Said alikuwa mlangoni akingoja ruhusa ya kuingia, Khalid akapaza sauti kutaka Abubakar amkanye mwanamke yule. Mtume (S.A.W.) hakuzidisha juu ya kutabasamu, kisha akambainishia hukumu yake. Ikiwa jambo hili lilisemwa na mwanamke mbele ya mbora wa viumbe, na mtu wa mlangoni anasikia, basi na jarida letu litavumilia.

Tuanze na mabango. Bango la kawaida juu lina cheo: Dokta, Profesa, Mtaalamu, na siku hizi hata Sheikh. Baada ya cheo panatajwa mahali alikotoka mwenyewe: Sumbawanga, Pemba, Tanga, Nigeria. Lazima pawe mbali kidogo. Mganga wa Kariakoo hatoki Kariakoo. Kisha inakuja orodha: sukari, presha, bawasiri, nguvu za kiume, kumrudisha mpenzi, kushinda kesi, kufaulu mtihani, mvuto wa biashara. Kisha muda: dakika 30, siku 3, siku 7. Mwisho namba ya simu.

Wanavyuoni wa balagha wameshurutisha kwamba vitu viwili vikiunganishwa kwa herufi ya atfi, lazima baina yao pawe na jambo la kuvikusanya. Huwezi kusema Zaidi ni mshairi na kipimo cha kanzu ya Amri ni kirefu, ukahesabiwa kuwa umesema kitu. Basi nikajiuliza: ni nini kinachokusanya baina ya bawasiri, kesi mahakamani na mtihani wa Darasa la Saba? Nilitafuta sana. Nilichokiona ni kwamba karibu kila jambo katika orodha ile ni jambo ambalo mtu huona tabu kumweleza jirani yake. Mwandishi wa bango hakuyakusanya maradhi, amezikusanya fedheha. Kwa hiyo anayelisoma halisomi kwa kusimama. Hulisoma kwa pembe ya jicho huku akitembea, akaihifadhi ile namba ya simu, akapiga usiku akiwa peke yake. Na mtu anayetafuta dawa peke yake, usiku, kwa kunong'ona, hana wa kumwambia kwamba amedanganywa.

Halafu tazama jirani za maneno. Sukari, presha, nguvu za kiume: yamekaa pamoja kwenye kibati, baina yao hakuna ila alama ya mkato. Mwandishi ameweka sababu na matokeo yake mstari mmoja, wala hajui alichokiandika! Madaktari wanaeleza kwamba jambo hili la mwanamume ni kazi ya damu, na mishipa ya fahamu, na homoni, na moyo uliotulia. Mishipa ya damu ya mahali pale ni myembamba kuliko ile ya moyo. Mishipa ya mwili ikianza kuharibiwa na sukari, presha, mafuta au tumbaku, aghlabu huko huonekana mwanzo, pengine miaka kadhaa kabla kifua hakijaanza kuuma. Yaani kushindwa huko mara nyingi si ugonjwa wenyewe. Ni mjumbe aliyetangulia kubisha hodi. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika kliniki ya sukari ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, umbali mdogo tu kutoka hapo Kariakoo: zaidi ya nusu ya wanaume wenye sukari waliochunguzwa walikuwa na tatizo hili kwa kadiri moja au nyingine. Na utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa mwaka 1994, ulikuta kwamba kiasi cha nusu ya wanaume wa baina ya miaka 40 na 70 wanalo, dogo au kubwa. Ni jambo la watu wengi mno, na wengi wao hawajapungukiwa na uanaume wowote.

Neno lenyewe linatuponza. Nguvu za kiume! Mwenye jicho bovu hatumwambii amepungukiwa nguvu za kibinadamu. Mwenye ini bovu hatumwambii si mtu. Lakini mwenye mishipa mibovu ya mahali hapa tunampa maneno ambayo maana yake ni kwamba uanaume umemtoka, kisha tunashangaa akiuza pikipiki yake kuurudisha. Na wazee wetu nao hawakuwa bora zaidi katika hili. Neno hanithi, katika Kiswahili chetu, limebeba mizigo miwili kwa pamoja: asiyeweza kumwingilia mkewe kwa maradhi, na mwanamume anayejifananisha na wanawake. Katika Kiarabu cha mafakihi hayo ni maneno mawili ya mashina mawili. Wa kwanza ni inniin, nalo ni jina la mgonjwa. Wa pili ni mukhannath, na mlango wake ni mwingine kabisa. Sisi pwani tukachukua jina la wa pili tukambandika wa kwanza. Hivyo mtu akipatwa na maradhi, lugha ya mama yake inakuwa imekwisha kumtukana kabla hajafungua kinywa. Mwenye bango anaijua hofu hii vizuri, na ndiyo mtaji wake.

Sasa vijitabu. Vinauzwa baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na miswaki, tasbihi na chupa ndogo za mafuta ya habbat sauda. Jalada huwa na picha ya tende au nyuki, na juu yake Tiba ya Mtume. Nimevinunua vitatu nikavisoma kwa makini kama ninavyosoma matni. Vinanukuu hadithi sahihi ya habbat sauda, ambayo imo katika Bukhari na Muslim, nayo tunaiamini. Lakini havisemi kwamba wanavyuoni wakubwa, kama Khattabi, waliieleza kuwa ni tamko la jumla lililokusudiwa maradhi mahsusi. Vinalitaja jina la Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), mwenye Zaadul Maad ambayo ndani yake imo sehemu ya tiba. Ni vizuri kumtaja. Lakini nilipofungua Zaadul Maad yenyewe kulinganisha, nilikuta kwamba vimechukua majina ya dawa vikaiacha elimu. Ibnul Qayyim ameeleza pale kwamba tabibu hodari huyaangalia mambo 20 kabla hajatibu: aina ya maradhi, sababu yake, nguvu za mgonjwa, tabia ya mwili wake, umri wake, mazoea yake, msimu wa mwaka, nchi anayokaa, hali ya hewa, dawa yenyewe na kinyume chake, na mengineyo. Mambo 20! Kijitabu hakiulizi hata moja. Kina kijiko cha asali, kijiko cha unga, asubuhi na jioni, kwa kijana wa miaka 20 na mzee wa 70.

Tena katika kitabu hicho hicho Ibnul Qayyim ameiweka hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Nasai na Ibnu Maja, kwamba anayejitia utabibu hali hakujulikana kuwa na elimu ya utabibu, basi yeye ni dhamini. Yaani akimdhuru mtu, gharama ni juu yake. Hadithi hii sikuiona katika kijitabu hata kimoja. Nadhani msomaji anaijua sababu.

Wala sisemi kwamba vitabu vya zamani vyote ni hoja. Kipo Kitabur Rahma, ambacho waganga wa kitabu wa pwani hii wamekitegemea kwa miaka mingi. Wananasibisha kwa Imam Suyuti, aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), na wako wanavyuoni waliokana kwamba ni chake. Humo dawa za kweli zimechanganywa na talasimu, na maelekezo mengine mtu mwenye akili hawezi kumpa hata mbuzi wake. Na Ibn Khaldun katika Mukadima yake alikwenda mbali kuliko Ibnul Qayyim, akaona kwamba mambo ya tiba yaliyopokewa yalikuwa katika mazoea ya Waarabu wa wakati ule, kwani Mtume (S.A.W.) alitumwa kutufundisha sharia. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane. Ninalotaka kusema ni kwamba wakubwa hawa walijadiliana, walipima, na kila mmoja alitia jina lake chini ya maneno yake. Hapo ndipo nilipopata jibu la kijana wangu wa rangi. Juma la pili nilimwendea nikamwambia aandike Tiba ya Fulani bin Fulani, mwenye duka hili, na lile jina tukufu alifute, na vituo vyake. Alicheka. Alisema amekwisha lipwa kwa herufi.

Isifahamike kwamba nayatukana majani ya Mwenyezi Mungu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba hakuna maradhi yaliyoteremshwa ila yameteremshiwa dawa, na dawa zitatoka wapi kama si ardhini? Serikali yetu iliyaona hayo mapema; kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa Taasisi ya Tiba Asili. Mwaka 2002 ikapitishwa Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, likawekwa Baraza la kuwasajili waganga na dawa zao. Katika mabango niliyoyasoma Ijumaa ile, namba ya simu ilikuwamo katika kila moja. Namba ya usajili sikuiona.

Wala sina ugomvi na supu ya pweza, wala na yule kijana anayesukuma mkokoteni wa mihogo mibichi, karanga na vipande vya nazi. Ni vyakula halali vyenye kushibisha, na anayekula karanga badala ya sigara amejifanyia hisani. Alkasusu nami nakunywa usiku wa baridi, ingawa ile inayotiwa mizizi ya susi ikizidi huipandisha presha, na presha tumekwisha ona inakaa jirani ya nani. Mkuyati unasifiwa sana, na wenye kuusifu ni wengi. Lakini mtu akinywa kitu akiamini kitamfaa, wakati mwingine imani ile yenyewe humtuliza moyo akafaulu, hasa akiwa kijana. Vijana wengi wanaonunua unga huu hawana maradhi ya mishipa, wana hofu. Daktari huwauliza swali moja tu jepesi, kama mwili wao huamka alfajiri pamoja nao. Kijana akijibu ndiyo, aghlabu mishipa yake ni mizima na tabu iko moyoni mwake: deni, ugomvi, wasiwasi wa harusi, au picha chafu alizozitazama akadhani ndiyo kawaida ya watu. Huyo hahitaji unga. Na wale wanaoahidi kuliongeza umbo alilolipanga Muumba, hao ni waongo bila ya tafsili. Hakuna mti unaofanya hivyo.

La hatari ni jingine. Mwaka 1998 iliruhusiwa Marekani dawa ya vidonge iitwayo Viagra, ambayo asili yake ilikuwa ikijaribiwa kwa maumivu ya moyo. Ni dawa ya kweli, na ikiandikwa na daktari kwa mtu anayestahiki imewasaidia wengi. Lakini tangu hapo wako wafanyabiashara wanaoisaga wakaichanganya katika unga na asali, wakaandika juu yake kwamba ni mitishamba mitupu. Mamlaka ya dawa ya Marekani imezikamata bidhaa za namna hiyo mara kwa mara, chungu nzima. Sasa mtu mwenye maradhi ya moyo, anayetumia vidonge vya naitreti kwa maumivu ya kifua, akila asali ile, presha yake inaweza kuanguka ghafula akafa, na mkewe akadhani ni ajali ya Mungu tu. Unga ukifanya kazi kwa dakika 30, kama bango linavyoahidi, hapo ndipo pa kuuogopa zaidi, kwa sababu mizizi haina haraka hiyo. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni Madina akatia mkono katika lundo la chakula, vidole vyake vikakuta umajimaji chini yake. Mwenye mali akasema kimenyeshewa na mvua. Akamwuliza kwa nini asiuweke juu watu wauone, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Chakula kile kilikuwa na maji tu. Hiki cha kwetu kina kitu kinachoua.

Sasa natoka sokoni nakwenda kwenye fikihi, kwani nimeahidi kulinganisha maandishi. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), kimesomeshwa pwani hii zama kwa zama. Katika mlango wa aibu za ndoa amelitaja suala la inniin. Mke akishitaki, na mume akakiri mbele ya kadhi, au likathibiti kwa njia nyingine za kisharia, ndoa haivunjwi siku hiyo. Kadhi humpa mume mwaka mzima, kama alivyohukumu Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.). Na mafakihi wakaeleza hikima: katika mwaka hupita misimu yote, ya joto na ya baridi, ya ukavu na ya unyevu, kama kushindwa kwake kumetokana na moja katika hizo, kinyume chake kitamponya. Sisi tungesema zimpitie kaskazi, masika, kipupwe na vuli. Mwaka ukimalizika na hali ni ile ile, mke ana hiari ya kuvunja ndoa. Na uangalifu wao ulivyokuwa! Mke akijitenga na mumewe muda huo wote, au akiugua, au akifungwa, mwaka ule hauhesabiwi, kwa kuwa hakupata fursa ya haki. Wakasema pia kwamba mtu anaweza kuwa inniin kwa mke mmoja asiwe hivyo kwa mwingine. Akishamwingilia hata mara moja katika ndoa ile kisha akashindwa, mlango huu umefungwa, ingawa iko milango mingine. Hata Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 imeliweka jambo hili miongoni mwa sababu za kubatilishwa ndoa, pale ambapo mmoja wao tangu mwanzo hakuweza kuitimiza.

Ukisoma mlango ule tangu mwanzo mpaka mwisho hutakuta tusi, wala kicheko, wala neno nguvu. Utakuta mgonjwa aliyepewa muda, na mwanamke aliyepewa haki ya kusema. Bango linatoa dakika 30. Fakihi anatoa mwaka.

Haya nayasema kwa ulimi wa mwalimu, lakini mwalimu naye ana hesabu yake. Alinijia bwana mmoja mfanyabiashara, umri wake umepita hamsini, ana watoto wakubwa kwa mke aliyefariki. Alikuwa ameoa mjane wa makamo, na tangu usiku wa harusi hakuweza. Wamenipa ruhusa wenyewe nieleze, majina nimeyaacha. Alinieleza akiwa ameinamisha kichwa, nami kwa kumwonea haya sikumwuliza kitu. Nilimwandikia kombe kwa zaafarani. Nikampa habbat sauda iliyochanganywa na asali safi ya Tabora, vijiko viwili asubuhi na viwili jioni, siku 40. Katika yale mambo 20 ya Ibnul Qayyim, ambayo nimeyasomesha, sikumwuliza hata moja.

Baada ya miezi kadhaa mkewe alikuja kwangu pamoja na kaka yake, kuuliza mas-ala ya kuvunja ndoa. Nikaanza kueleza mwaka wa inniin kama nilivyoueleza hapa. Yule Bibi alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Maalim, nisamehe. Mimi sikuja kwa hilo peke yake. Maji ya kunywa kwangu hayakai mtungini. Usiku bwana huamka mara tano, mara sita. Na chooni sisimizi wanapanga foleni. Marehemu mume wangu wa kwanza alianza hivyo hivyo."

Nilinyamaza. Kaka yake akanitazama, akadhani nafikiri mas-ala ya fikihi.

Siku ya pili walimpeleka hospitali, wakamlaza hapo hapo kwa jinsi sukari ilivyokuwa juu. Baina ya vidole vya mguu wa kushoto alikuwa na kidonda asichokisikia. Kidole kimoja kikakatwa. Unga aliokuwa akiununua Kariakoo ulikuwa wa aina nne, na asali ilikuwa yangu. Nilikwenda kumtazama wodini nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Yeye akasema ni kadari. Mkewe hakusema neno, akanivutia kiti.

Alipotoka, yule Bibi alinijia mara nyingine na kaka yake. Safari hii swali lake lilikuwa fupi: "Ule mwaka, Maalim, unaanza kuhesabiwa lini?"

Nikamwambia, tangu siku kadhi atakapouweka.

Alifikiri kidogo, akamgeukia kaka yake. "Basi kwa kadhi tusiende kwanza. Mimi nitauhesabu mwenyewe, tangu siku alipotoka hospitali."

Mwaka ule ulitimia katika mwezi wa Rajabu. Hawakurudi kuniuliza mas-ala. Ijumaa iliyofuata nilimwona bwana yule kwenye birika la kutawadhia, amekaa chini anapangusa mguu wake kwa kitambaa kikavu, kidole baada ya kidole, kama walivyomfundisha hospitali. Nikamwuliza hali. Akaniambia sukari imeteremka, na dawa ya presha wamembadilishia. Jingine sikumwuliza.